Mgongo wa mkulima nao uingie kwenye ajenda ya koperative

Katika mikutano ya koperative zetu tunahesabu kila kitu: mbegu, mbolea, mifuko iliyoingia ku depo, franga zilizobaki kwenye kasa. Jembe likivunjika, linaandikwa. Lakini mgongo wa mtu anayeshika lile jembe haumo kwenye daftari lolote. Kila msimu wa kulima kuko wanamemba wanaokosa kazi wiki mbili, wiki tatu, na karani anaandika tu "hakufika".

Mimi ni agronomu, siyo daktari. Ila kwa maoni yangu maumivu ya mgongo ni jambo la kilimo mbele ya kuwa jambo la hospitali. Na pale yanapofika kuwa ya hospitali, tunakosea pande zote mbili: mwenye maumivu ya kawaida anauza mbuzi juu ya kwenda kupigwa skana mjini, na yule mwenye hatari ya kweli anabaki nyumbani akichanjwa.

Tuanze na mzigo. Kwetu mfuko unaoitwa wa kilo 100 hauna kilo 100. Mnunuzi anautaka ujae, kisha uongezewe kichwa juu na kushonwa kwa kamba. Nimeshaweka mifuko kama ile kwenye mizani na kupata 120 na zaidi. Kijana mmoja anaunyanyua, anageuka nao kiuno kikiwa kimepinda, anautupa juu ya chukudu. Kule kuinama na kugeuka pamoja, na mzigo mikononi, ndiko kunaumiza sana. Mama naye anapanda mlima na mihogo mibichi mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, mtoto amefungwa mbele kifuani. Tangu 1967 BIT, shirika la kazi la dunia, lilipendekeza mwanaume mzima asibebeshwe kwa mwili wake zaidi ya kilo 55, na mwanamke chini sana ya pale. Sisi tunapita mara mbili, tunasema yule ni mtu wa nguvu.

Kisha jembe. Mpini mfupi unamweka mtu ameinama tangu asubuhi mpaka saa sita. Kule California, Marekani, wafanyakazi wa mashamba walipigania jambo hili mpaka jembe la mpini mfupi likakatazwa mwaka 1975. Najua mtaniambia nini: "Agronomu, huku kwetu ni mlima, jembe refu haliwezi." Ku mteremko mkali ni kweli, sibishi. Lakini kule bondeni, na kwenye kupalilia maharagi, ni mazoea tu. Mpini mrefu ni mti wa bure, fundi anaukata kwa dakika chache.

Sasa mgongo wenyewe. Ni mifupa 24 iliyopandana tangu shingo mpaka kiuno, na kati ya mfupa na mfupa kuko kitu laini kinachofanya kazi kama mpira wa gari. Misuli na kano zinashika vyote visianguke. Maumivu mengi ya mkulima yanatoka ku misuli na kano zile, na kwa watu wengi yanapungua sana ndani ya wiki sita. Radio haionyeshi kitu cha maana kwa maumivu ya namna hiyo. Tena kulala kitandani siku kumi kunaharibu zaidi, juu misuli inalegea. Pumzika siku moja ao mbili, kisha tembea, fanya kazi nyepesi, weka kitambaa cha maji ya moto, kunywa parasetamole kwa kipimo. Nawaomba muachane na sindano za soko. Diklofenaki ya kila wiki inachimba tumbo na kuharibu figo. Deksametazoni inamfanya mtu ajisikie kijana siku tatu huku ugonjwa ukiendelea chini kwa chini.

Hayo ni ya watu wengi. Wachache ndio wananitia wasiwasi, na hapa nitakaa kidogo.

Mama mmoja wa koperative ya muhogo ku Kalehe aliumwa mgongo miezi mitano. Alichomwa sindano katika dispansere moja ya mtu binafsi, alichanjwa, aliombewa. Alikuwa anakonda, na usiku jasho linalowesha nguo. Hakuwa anakohoa, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kifua kikuu. Lakini kifua kikuu kinaingia pia ndani ya mifupa ya mgongo, kinaila pole pole, mfupa unaporomoka na nundu inatokea. Alipofikishwa hospitali miguu ilikuwa imeanza kulegea. Dawa za kifua kikuu katika Congo ni za bure, zinanywewa miezi mingi, na mtu akianza mapema anaweza kupona bila kupasuliwa. Leo anatembea na fimbo. Angeweza kutembea bila fimbo.

Kwa hiyo maumivu yanayokuja na homa, jasho la usiku, kukonda, ao nundu, hayangojei wiki sita. Maumivu yasiyotulia hata mtu akilala, na zaidi kwa mzee ao kwa mtu aliyeshaugua kansa, hayangojei. Mtoto anayelia mgongo siku nyingi, vilevile. Wafugaji nao wasikilize: anayekunywa maziwa mabichi ao kusaidia ng'ombe anapotupa mimba anaweza kupata bruseloze, homa inayokuja na kurudi na kukamata kiuno. Ukifika kwa muganga mwambie kama unafuga, hatajua mwenyewe. Chemsheni maziwa.

Kuko ishara zingine ambazo ni za siku ileile, hata usiku. Mtu anashindwa kukojoa, ao mkojo na choo vinatoka bila yeye kujua. Sehemu za siri na ndani ya mapaja zinakuwa kama zimekufa ganzi. Miguu inapoteza nguvu saa kwa saa. Hapo mishipa ya uti wa mgongo inabanwa, na kila saa inayopita inapunguza bahati ya kupona. Na aliyeanguka kutoka ku mti wa ngazi ao wa avoka, tafadhali, msimkalishe juu ya moto katikati ya watu wawili! Mlazeni juu ya ubao ao mlango, kichwa na mgongo vikae mstari mmoja, mumbebe kama tipoyi.

(Konzo siyo ugonjwa wa mgongo, ingawa wengine wanaichanganya. Miguu yote miwili inakauka kwa ghafula, inatokana na muhogo mchungu ambao haukuloweshwa siku za kutosha. Nitaandika juu yake siku ingine.)

Mganga wa mgongo anapatikana mjini, na ni wachache. Si kila kiuno kinamhitaji. Njia ni kituo cha afya kwanza, kisha hospitali kuu ya zone na barua mkononi, na pale mara nyingi mtu wa kine anatosha. Anayestahili kutumwa mbele ni yule mwenye zile ishara, ao mwenye maumivu yanayoshuka mguuni mpaka chini ya goti na kuzidi wiki sita hata kama amefuata dawa na mazoezi. Usiogope kumuuliza daktari: "Unatafuta nini kwenye hii skana?" Kama hana jibu, franga zako zibaki kwako.

Kwa mkutano mkuu ujao nina maombi matatu kwa komite. Depo ipokee mifuko ya kilo 50 tu, na mnunuzi anayetaka kichwa juu apakie mwenyewe. Akitishia kwenda kwa jirani, tuongee na koperative jirani mbele ya mavuno, siyo nyuma. AVEC zitenge sehemu ya kasa ya msaada juu ya usafiri wa mgonjwa mwenye ishara za hatari, bila kungoja siku ya kikao. Na karani, pale anapoandika "hakufika", aandike na sababu. Nyuma ya msimu mmoja tutasoma daftari pamoja, tuone ni migongo mingapi.