Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wahenga walituachia methali isemayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliikumbusha mwaka 1962 alipoandika juu ya ujamaa, akitaka kuonyesha kwamba katika jamii zetu za kale mtu mwenye nguvu zake hakuruhusiwa kula jasho la wenzake. Mimi naielekeza methali hiyo kwa vijana wetu watunga programu za kompyuta, na zaidi kwa wakubwa wanaowafundisha na kuwaajiri. Nasema wazi kwamba sisi ni wageni tuliokaa siku nyingi mno, na jembe bado wameshika wachache.

Seremala hawezi kutengeneza meza bila randa na msumeno. Mtunga programu naye ana vyombo vyake: kimoja hugeuza maandishi yake kuwa amri zinazoeleweka na mashine, kingine hutunza kumbukumbu ya kila badiliko alilofanya. Vingi kati ya vyombo hivyo havinunuliwi. Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na mwaka 1987 ikatoka GCC, chombo cha kugeuzia maandishi kuwa amri. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, akatoa Linux, na maelfu ya watu wasiojuana kwa sura wakaiendeleza. Anayeona kasoro huieleza. Anayeweza kuirekebisha hutuma marekebisho yake. Mtunzaji huyapima, akayapokea au akayakataa, na yaliyopokewa huwa mali ya wote.

Mzee wa Unyaturu au wa Iramba hahitaji kufundishwa jambo hili. Mwenye shamba alipika pombe ya mtama, majirani wakaja na majembe, shamba likaisha kwa siku moja. Lakini deni lilibaki: kesho jirani akikuita, nawe unakwenda. Aliyezoea kunywa tu bila kulima alijulikana, na siku yake ilipofika alilima peke yake.

Wako watakaoniuliza: kwa nini tusitumie tu vya wenzetu, maadamu ni bure? Nawajibu kwa habari ya Git. Watunzi wa Linux walitumia kwa miaka kadhaa chombo cha kampuni moja, BitKeeper, walichoruhusiwa kukitumia bila malipo. Mwaka 2005 ruhusa hiyo ikaondolewa. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Aprili ya mwaka huo Torvalds akaanza kuandika Git, na Julai akaikabidhi kwa Junio Hamano, ambaye ameitunza tangu hapo. Walinusurika kwa sababu walijua kutengeneza jembe lao wenyewe. Je, sisi tukinyang'anywa la kuazima, tutalima kwa kucha?

Wala asiniambie mtu kwamba Mwafrika hawezi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Mwaka 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya, wananchi wa huko walitunga Ushahidi ili kuonyesha kwenye ramani mahali palipotendeka maovu. Waliiacha wazi kwa wote, na mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Takwimu za vituo vyetu vya afya, toka Manyoni hadi Mkalama, hupita katika DHIS2, programu ya wazi yenye chimbuko lake Afrika Kusini, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Dar es Salaam wameshiriki kuijenga. Kwa hiyo uwezo upo. Kinachokosekana ni desturi.

Ipo hoja moja ninayoiheshimu: kwamba kazi ya bure ni unyonyaji, kwa kuwa makampuni makubwa huvuna walipolima watu wa kujitolea. Ni kweli. Machi 2024 iligundulika kwamba katika XZ, chombo cha kubana mafaili kilichomo katika kompyuta nyingi mno duniani, kulikuwa na mlango wa siri. Chombo hicho kilitunzwa kwa miaka na mtu mmoja aliyechoka. Mtu wa jina la bandia alijifanya msaidizi, akajipatia imani yake kwa zaidi ya miaka miwili, kisha akatia sumu. Aliyeugundua mlango huo, Andres Freund, aliona tu kwamba kuingia katika mashine kunachelewa kama nusu sekunde. Ndugu msomaji, majirani wasipokwenda shambani, mwizi ndiye anayejitolea kupalilia. Dawa yake ni majirani kuongezeka, na wanaovuna kulipa. Sisi tukikaa pembeni hatumsaidii yule mnyonge aliyechoka, tunamwongezea mzigo.

Wengine husema umaskini unatuzuia: umeme hukatika, bando ni ghali, na mazungumzo yote ni ya Kiingereza. Sibishi. Lakini kuandika taarifa nzuri ya kasoro hakuhitaji jumba la kioo. Na kufasiri maelezo ya matumizi kwa Kiswahili, nani atafanya kama si sisi? Tunamngoja Mjapani?

Basi nataka mambo mawili, wala si makubwa. Vyuo vyetu, vya Singida vikiwamo, vimhesabie mwanafunzi alama kwa rekebisho lililopokewa katika programu ya wazi, badala ya kumkaririsha majina ya vyombo asivyovigusa. Na ofisi inayotumia programu za wazi itenge saa chache za watumishi wake kila mwezi, wairudishie jamii iliyoitengeneza kile walichokirekebisha, badala ya kukifungia kabatini.

Tuliimba ujamaa tangu utotoni, tukafundishwa kwamba kila mtu ni mfanyakazi. Sasa dunia imefungua shamba la ujima lisilo na mpaka, na mpaka sasa wengi wetu tunaonekana penye mtungi tu. Siku ya tatu imekwisha kupita. Tuombe jembe kabla hatujaonyeshwa njia.