Tusihukumu Kabla ya Kufahamu

Walimu wenzetu, liko neno tulisikialo mara nyingi katika shule zetu, nalo ni hili: "Mtoto huyu ni mzito." Latamkwa upesi, lakini halimtoki mtoto moyoni upesi. Sisi twasema ya kuwa mara nyingi aliyeshindwa si mtoto, bali ni mwalimu aliyehukumu kabla ya kufahamu.

Tutwae mfano. Mwalimu aliyezaliwa Mbeya apelekwa kufundisha Kirongwe, katika kisiwa cha Mafia. Aandika ubaoni: "Taja majira ya mwaka." Kitabu chake chasema masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Mtoto wa mvuvi aandika: "Kusi na kaskazi." Mwalimu atia alama ya kosa, alisoma jibu mbele ya darasa, na wenzake wacheka. Je, mtoto amekosa nini? Kwao mwaka hugawanywa kwa pepo: kaskazi huvuma yapata Desemba hata Machi, na kusi huvuma katikati ya mwaka. Kwa pepo hizo majahazi yalikwenda Arabuni na kurudi kwa karne nyingi. Jibu lile ni elimu, ila si elimu ya ukurasa ule.

Hans-Georg Gadamer, mwanafalsafa wa Ujerumani, alieleza habari ya kufahamu katika kitabu chake Wahrheit und Methode, kilichotoka mwaka 1960. Kwa maoni yake hakuna msomaji aendaye kwenye maandishi na akili tupu. Kila mtu huja na dhana alizolelewa nazo, naye huona hata ukomo wa upeo wake tu. Kufahamu ni upeo mmoja kukutana na mwingine. Nasi twaongeza: jibu la mtoto nalo ni maandishi, na mwalimu ndiye msomaji. Asiyezijua dhana zake mwenyewe hawezi kulisoma sawasawa.

Kadhalika kimya cha mtoto chataka kufasiriwa. Mmoja hunyamaza kwa adabu, maana amefunzwa kutomkatiza mkubwa. Wa pili hasikii vema, naye ameketishwa nyuma. Wa tatu ana njaa. Mwalimu mvivu huwaita wote wazito. Hiyo ni dhuluma, kwa kuwa dawa zao ni mbalimbali: wa kwanza apewe ruhusa ya kunena, wa pili aketishwe mbele, wa tatu atafutiwe uji.

Labda mtu atasema, "Basi kila jibu ni sahihi?" Hasha! Saba mara nane ni 56, Mbeya na Kirongwe pia. Kufasiri si kulifumbia macho kosa, ni kutafuta kosa li wapi. Mwingine atasema, "Watoto ni wengi, nafasi hatuna." Lakini kumwuliza mtoto, "Kwa nini wasema hivyo?" hakuchukui muda kuliko kumkemea.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alilaumu mafundisho yaliyowafanya wanafunzi kudhani ya kuwa maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni au kwa wasomi. Lawama ile yatuhusu hata leo. Mtoto achekwaye kwa jambo alijualo kweli hujifunza jambo moja tu siku ile: kwamba ujuzi wa baba yake hauna mahali shuleni. Somo hilo halimo katika mtaala wo wote, nasi hatuna haki ya kulifundisha.