Si riwaya inayomfelisha mtoto

Kaa kwenye kikao cha wazazi cha shule ya sekondari, iwe Katesh au Dongobesh, hutachelewa kuisikia kauli hii: vitabu vya hadithi vinawapotezea watoto muda. Mzazi anaisema, mwalimu wa taaluma anaunga mkono, na kabati la riwaya linabaki na kufuli. Mtoto asome notsi, afanye mitihani iliyopita. Hadithi atasoma akimaliza shule. Naikataa kauli hiyo yote. Ndiyo inayowafelisha watoto tunaodai kuwahurumia.

Tuanze na lugha. Wilaya za Mbulu na Hanang, yalipo maeneo hayo mawili, ziko kwenye ukanda adimu barani Afrika ambako makundi manne ya lugha yamekutana: Kiiraqw ni Kikushi, Kibarbaig ni Kinailoti, Kinyaturu na Kinyiramba ni Kibantu, na Wahadzabe wa Yaeda Chini wana lugha yao isiyo na ndugu anayejulikana. Mtoto wa Kibarbaig kule Basotu anazungumza lugha ya mama yake nyumbani, anafundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia na baiolojia kwa Kiingereza. Hiyo ni lugha ya tatu, na akirudi bomani hana wa kuizungumza naye. Ataipata wapi? Notsi za ubaoni ni fasili na orodha. Lugha humwingia mtu kwa sentensi nzima zinazofuatana, zenye watu wanaogombana na kupatana, mpaka msomaji asahau kwamba anasoma Kiingereza. Kazi hiyo inafanywa na kitabu chembamba kama *Hawa the Bus Driver* cha Richard Mabala, tena kwa gharama ndogo kuliko tyusheni. Wengi wanaokosa swali la baiolojia hawakushindwa na baiolojia. Hawakulielewa swali.

Nitaambiwa fasihi ipo kwenye ratiba. Ipo, lakini tazameni inavyosomwa. Mwanafunzi anatafuta kijitabu cha uchambuzi, anakariri dhamira, wahusika na nafasi ya mwanamke, na Novemba anaingia kwenye mtihani wa kidato cha nne hajawahi kufungua riwaya ya *Takadini* wala ya *Watoto wa Mama N'tilie*. Swali linamtaka atetee hoja kwa kutumia vitabu viwili. Atatetea nini, wakati hakuna alichokipenda wala kukipinga? Anamwaga alichomeza, sawasawa na mwenzake wa dawati la pili.

Sasa linganisheni na klabu ya usomaji. Nimekaa na mojawapo Jumamosi baada ya usafi, kwenye maktaba iliyokuwa nusu stoo, wanafunzi wamejikunyata ndani ya masweta kwa ile baridi ya Julai ya Mbulu. Nakala za *Takadini* zilikuwa chache. Moja haikuwa na jalada na mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa gunia. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakafuatilia wawiliwawili. Walipofika pale Sekai anapotoroka na mwanawe mwenye ualbino ili asiuawe, usomaji ukakwama. Msichana mmoja akasema mama yeyote angekimbia. Mvulana akampinga: mtoto ni wa ukoo, mke hana ruhusa ya kuondoka naye. Akaulizwa kama ukoo una ruhusa ya kumuua. Hakujibu, akaomba kitabu, akaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa kutafuta pa kusimamia. Hoja na mfano wake kutoka kitabuni, ndicho mtihani unachodai, na pale kilipatikana bila mtu kukariri. Na walibishana juu ya jambo zito la nchi hii hii, ambako watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo.

Wala wasituambie kwamba kukaa pamoja na kujibizana juu ya maneno ni mtindo wa kuiga. Wairaqw wana slufay, maneno ya sala na baraka ambayo mzee huyaongoza na mkutano ukaitikia. Watoto wa watu hao tunawafikisha sekondari na kuwaamuru wakae kimya, wanakili.

Anayedhani hadithi ni za wasio na kazi amkumbuke Nyerere, aliyetafsiri *Julius Caesar* ya Shakespeare ikachapishwa mwaka 1963, nchi ikiwa changa na yeye akiwa Rais. Mwaka 1969 akatoa *Mabepari wa Venisi*. Na katika kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970, serikali haikuishia kufundisha silabi. Ilipeleka magazeti na maktaba vijijini, kwa kuwa aliyejua kusoma akikosa cha kusoma husahau. Jambo lililoeleweka kwa mkulima wa miaka ile linashindikanaje kueleweka kwa mwanafunzi wa leo?

Najua watoto hawa wana kazi nyingi nyumbani na muda wao ni mfinyu. Ndiyo maana saa ya kusoma lazima iwe shuleni, ndani ya ratiba, si hisani ya mwalimu mmoja mwenye moyo. Wakuu wa shule za Mbulu na Hanang, fungueni makabati. Toeni saa moja kwa wiki, mruhusu vitabu viende bwenini, na msiogope vitachakaa. Nanyi wazazi, mnaponunua madaftari Januari, ongezeni riwaya moja. Watoto watabadilishana.