Kila sampuli ya mgomba inayotoka Kivu itoke na mwanafunzi

Mwanafunzi wa agronomia au wa biolojia hapa Goma anapotafuta staje, mara nyingi anajua mapema kitakachompata. Atapokelewa, ataonyeshwa kiti, atapanga makaratasi, atatumwa kufanya fotokopi, na mwisho atapewa cheti chenye muhuri. Rapoti ataiandika kwa kuangalizia ile ya mwenzake wa mwaka uliopita. Hatumlaumu yeye. Tunauliza tu: mkoa ambao migomba yake inaoza shambani unaweza kuendelea na staje za namna hiyo mpaka lini?

Tuchukue ugonjwa mmoja, ule wa kunyauka kwa migomba, ambao wengi wanauita wilti. Mkulima wa Masisi au wa Rutshuru anaujua bila kusoma kitabu. Majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizipasua ndani ni kahawia, na shina likikatwa linatoa usaha wa manjano. Ndizi hizo hazifai kuliwa wala kukamuliwa kasiksi. Jamaa iliyokuwa inalipa minervali ya watoto kwa mikungu ya ndizi inabaki mikono mitupu.

Ugonjwa huo ulielezwa kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na kwetu ukaonekana Masisi karibu na wakati huohuo. Aliyeongoza kazi ya kuutangaza kwa wanasayansi wa dunia ni mwalimu wa hapa hapa mkoani, Profesa Ndungo Vigheri wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, pamoja na wenzake wa kigeni. Hiyo ni heshima yetu, na ni ushahidi kwamba akili hazikosekani.

Lakini kutambua ugonjwa ni hatua ya kwanza tu. Mikrobe inayoua migomba ni bakteria ya jamii ya Xanthomonas, na silaha yake ni protini. Bakteria hii inajenga kitu kama sindano ndogo sana, ambayo kwayo inaingiza protini zake ndani ya chembe za mmea. Zikiisha kuingia, zinazima ulinzi wa mmea, kama mwizi anayemnyamazisha mbwa kabla ya kuvunja mlango. Anayezijua protini hizo anajua adui anapitia wapi.

Nani amezisoma? Mwaka 2010, kundi lililoongozwa na David Studholme wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, lilitoa usomaji wa kwanza wa jenomu ya bakteria hii, yaani maandishi yake yote ya urithi, na kuonyesha baadhi ya protini hizo. Mwaka 2012, Arthur Wasukira wa Uganda na wenzake walilinganisha sampuli kutoka nchi mbalimbali za ukanda wetu. Waligundua koo mbili: sampuli za Kongo zilikuwa ukoo mmoja na za Rwanda na Ethiopia, na zile za Uganda, Kenya, Tanzania na Burundi zilikuwa ukoo mwingine. Habari hiyo inatuhusu moja kwa moja, lakini ni wanafunzi wangapi wa Goma waliowahi kuisikia darasani?

Tusiseme kwamba hayo ni mambo ya wazungu yasiyomsaidia mkulima. Zamani mkulima aliambiwa ang'oe mgomba mgonjwa pamoja na machipukizi yake yote. Wengi walikataa, maana ilikuwa kama kuambiwa ufunge jiko. Baadaye watafiti, pamoja na majaribio katika mashamba ya Kivu Kusini, walionyesha kwamba bakteria haifiki katika kila chipukizi. Leo shauri ni kukata mapema lile shina linalougua tu, sawasawa na udongo, na kusafisha panga kwa moto au kwa Jik. Swali lililoulizwa vizuri limeokoa mashamba.

Kuna jambo lingine linalokuja. Kituo cha IITA cha Nairobi, katika kazi za Leena Tripathi, kilitengeneza migomba yenye jeni za pilipili hoho, zinazotoa protini za kuupa mmea nguvu ya kujikinga. Migomba hiyo ilijaribiwa shambani Uganda. Siku moja mbegu kama hizo zitabisha hodi kwetu. Wengine watazisifu, wengine watazikataa. Nani kati yetu ataweza kusoma faili na kusema, huu ni ukweli na huu ni uongo? Tukikosa mtu, tutaamuliwa na wengine.

Tunajua jibu litakalotolewa: kuna vita. Ni kweli. Tangu mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafunga milango, na wazazi wengi wamepoteza kipato. Hatutaki kujifanya hatuyaoni. Lakini ugonjwa haungoji amani. Na si kila kazi inahitaji mashine ya maelfu ya dola. Orodha za protini za bakteria hizi ziko wazi katika intaneti bila malipo. Mwanafunzi mwenye kompyuta, umeme wa saa chache na mwalimu wa kumwongoza anaweza kuzilinganisha akiwa hapa Goma.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Vyuo vikuu vyetu viache kukubali staje isiyo na swali: mwanafunzi aende akijua anatafuta nini, na rapoti ipimwe kwa jibu alilolileta, si kwa muhuri. Vituo vya utafiti, kama INERA Mulungu na IITA Kalambo upande wa Kivu Kusini, vitenge nafasi za laboratware kwa wanafunzi wa Kivu Kaskazini, na wafadhili walipe boti na chakula, maana hapo ndipo mtoto wa maskini anakwama. Na kila mtafiti anayekuja kuchukua kipande cha mgomba wetu kukipeleka nje achukue pia mwanafunzi wetu mmoja, amfundishe mpaka mwisho wa kazi, na jina lake liandikwe.

Kipande cha mgomba kikiisha kusomwa kinatupwa. Mwanafunzi aliyefundishwa anarudi Masisi na anachokijua.