Risala ya Wagonjwa wa Saratani ya Utumbo Mpana na Ndugu Zao kwa Mgeni Rasmi



Tumekuja na jambo moja, nalo linahusu neno moja linaloandikwa kwenye mafaili yetu: imesambaa.

Mimi niliyepewa kazi ya kuisoma risala hii ni mdogo wa mgonjwa. Kaka yangu alitokwa na damu haja kubwa kwa miezi tisa, akitibiwa bawasiri. Alipokuja kupimwa kwa kamera ikaonekana saratani, na CT scan ikaonyesha vivimbe vitatu kwenye ini. Daktari aliinua filamu dirishani, akaishusha, akaandika mstari mmoja, akatuambia ni hatua ya nne, turudi nyumbani tumtunze. Tukamtunza. Baada ya mazishi, bingwa mmoja wa upasuaji wa ini aliitazama filamu ile ile kwa dakika chache, akauliza kwa nini mgonjwa hakuletwa kwake. Vivimbe vyote vitatu vilikuwa upande wa kulia. Upande wa kushoto ulikuwa mzima.

Hatusemi angepona. Tunasema aliyepaswa kuulizwa hakuulizwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, damu itokayo kwenye utumbo mpana, karibu yote, hupita kwanza kwenye ini kabla ya kurudi moyoni. Ndiyo maana saratani hii ikihama mara nyingi hutua hapo kabla ya viungo vingine, na kwa baadhi ya wagonjwa haiendi mbele zaidi. Mgonjwa wa namna hiyo hayuko sawa na yule ambaye ugonjwa umemwenea mwili mzima, ijapokuwa wote wawili huandikiwa hatua ya nne.

Tena ini si kiungo kama vingine. Mwaka 1957 daktari Mfaransa Claude Couinaud aliligawa katika vipande vinane, kila kimoja na mishipa yake ya damu, na mpaka leo ramani hiyo humwongoza mpasuaji kuondoa kipande kibovu na kuacha kingine. Ini lisilo na maradhi mengine huweza kubakizwa asilimia 20 hadi 30 tu, likaendelea na kazi yake na kukua tena katika wiki chache. Ikionekana kitakachobaki ni kidogo mno, mshipa unaolisha upande mgonjwa huzibwa, upande mzima ukanenepa, kisha ndipo mgonjwa akapasuliwa. Vivimbe vikiwa pande zote mbili, kazi hugawanywa mara mbili. Uvimbe usiozidi sentimita 3 waweza kuunguzwa kwa sindano bila kufungua tumbo. Na asiyefaa kupasuliwa leo, dripu za saratani zikipunguza vivimbe, huenda akafaa baada ya miezi michache.

Matokeo yake si ya kuahidiwa kijuujuu. Kwa wengi ugonjwa hurudi, na baadhi yao hupasuliwa tena. Lakini katika hospitali zenye uzoefu, karibu nusu ya waliofaa wakapasuliwa huwa hai baada ya miaka 5. Mwaka 2024 utafiti uitwao TransMet, uliofanywa Ufaransa, Ubelgiji na Italia, ulionyesha kwamba hata kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa kwa makini, ambao vivimbe vyao haviwezi kukatwa, kupandikizwa ini jipya pamoja na dripu kuliwaacha zaidi ya nusu yao wakiwa hai baada ya miaka 5; waliopata dripu peke yake hawakufika hata 2 kati ya 10. Hatudai upandikizaji huo uanze hapa kesho. Tunautaja ili pasiwe na mtu wa kutuambia kwamba dunia nzima imekwisha kukata tamaa nasi.

Kwa hiyo tunadai hivi. Asiandikiwe mgonjwa yeyote mwenye vivimbe vya ini kwamba hana tiba kabla picha zake hazijasomwa kwa pamoja na mpasuaji wa ini, daktari wa saratani na msomaji wa picha. Picha husafiri kwa mtandao. Si lazima mgonjwa wa Sumbawanga apande basi mpaka Dar es Salaam ili aambiwe hapana. Na jibu liandikwe: anafaa, hafai, au arudiwe kutazamwa, pamoja na sababu.

Anayeanza dripu apigwe picha tena kila baada ya miezi miwili au mitatu, na wapasuaji wazione. Dripu zikizidi huliumiza ini lenyewe, na uvimbe mdogo unaweza kupotea kwenye picha huku mizizi yake ingali hai. Tumewaona wenzetu wakipitiliza wakati wao wa kupasuliwa wakiwa kwenye foleni ya dripu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 tunayo. Tunaomba upasuaji wa ini na sindano ya kuunguza vivimbe vihesabiwe humo kuwa tiba, pamoja na kipimo cha kamera kwa kila atokwaye na damu haja kubwa mfululizo, bila kuanzia kwenye dawa ya bawasiri. Familia zetu zimeuza mashamba kwa ajili ya safari ambazo zingeweza kuepukwa. Wafundishwe wapasuaji, wakae pamoja katika vituo vichache vyenye damu ya kutosha na vitanda vya wagonjwa mahututi, kuliko kutawanywa mmoja mmoja. Na kila mgonjwa apewe nakala ya picha zake bila kuomba mara tatu.

Ndugu Mgeni Rasmi, filamu ya kaka yangu ninayo hapa, ndani ya bahasha ya kaki iliyochakaa kona. Naomba niikabidhi kwako pamoja na risala hii, uwaonyeshe wataalamu wako, na utujibu kwa maandishi.

Tunaomba kuwasilisha.