Mwanaume asiyesikia maumivu naye atibiwe

Ndugu wafanyakazi, kila mchimbaji anajua sheria hii: baruti ikisha kulipuka, hakuna mtu kushuka mgodini mpaka hewa isafishwe. Moshi wa baruti una gazi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Hakuna anayesema: « Sisikii harufu, basi hakuna hatari. » Lakini juu ya kisonono, ambacho wengi wetu wanakiita sopisi, tunasema maneno kama hayo kila siku.

Mambo huenda hivi. Mama mwenye mimba anapimwa, anaonekana na kisonono. Munganga anaomba bwana wake aje. Bwana anajibu: « Mimi nakojoa vizuri, sina usaha. Ugonjwa huu ameutoa kwingine. » Ugomvi unaingia nyumbani, na pengine mke anarudishwa kwao. Maoni yangu ni kwamba jibu hilo ni la kosa, na linavunja nyumba za watu bure.

Ni kweli, mara nyingi kisonono humtoa mwanaume usaha na kumwunguza akikojoa. Lakini si kila mara. Mwaka 1974, huko Marekani, munganga Handsfield na wenzake walitangaza matokeo ya kupima wanaume zaidi ya 2,000. Kati ya wale walioonekana na mikrobi, zaidi ya nusu hawakuwa na dalili yoyote. Mtu wa namna hiyo aweza kubeba ugonjwa kwa majuma, hata miezi, na kuambukiza wengine.

Kwa nini? Sababu moja ni kwamba mikrobi za kisonono si za aina moja. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliona kwamba wanaume wasio na dalili walikuwa hasa na aina moja ya pekee. Aina hiyo haikui katika labo mpaka ipewe vyakula vitatu: arjinini, haipozantini na yurasili. Yenyewe huchokoza mwili kidogo tu. Usaha hautoki, na mtu hajui. Aina nyingine huwasha moto mara moja. Wanawake wengi pia hawaoni kitu. Basi dalili haziwezi kutuambia nani alianza.

Hasara ni kubwa. Kisonono kisichotibiwa huziba mirija ya uzazi ya mama, huweza kupofusha mtoto anayezaliwa, na hufungulia ukimwi mlango. Jirani zetu wa Uele walijulikana kwa uzazi mdogo tangu hesabu ya watu ya 1955-1957, na magonjwa ya zinaa yalitajwa kati ya sababu zake. Katika Uganda, Arya na wenzake waliandika mwaka 1973 kwamba kisonono kilienea zaidi Teso, ambako watoto walizaliwa wachache, kuliko Ankole.

Wengine watasema: kumwita mtu mzima dispansere ni kupoteza siku ya kazi. Mimi najibu: asubuhi moja ya bwana ni bei ndogo kuliko mama kukaa bila mtoto maisha yake yote.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Kwanza, mmoja akionekana mgonjwa, bwana na bibi watibiwe pamoja, hata asiye na dalili, na wasilale pamoja kwa siku 7 baada ya dawa. Pili, dispansere ishike siri. Kapita hana haki ya kujua mfanyakazi ameitiwa nini. Tatu, tuache vidonge vya sokoni. Tangu 1976 zinajulikana mikrobi zinazoharibu penisilini, na leo siprofloksasini nayo imeshindwa mahali pengi. Shirika la Afya Duniani linashauri sindano ya seftriaksoni, itolewe na munganga. Nne, mwenye kulala na mtu asiye wa nyumbani kwake avae kapoti, naye aende kupimwa bila kungojea usaha.

Wazee walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Ndugu, munganga akikuita, usiulize kwanza nani ana kosa. Nenda na mke wako, mtibiwe, mrudi nyumbani pamoja.