Indépendance Cha Cha iliyosafishwa: redio zetu ziache kuikata

MASISI / WALIKALE – Kila Juni 30 inapokaribia, wimbo mmoja hurudi kwenye redio za Kivu Kaskazini. Ni Indépendance Cha Cha wa Joseph Kabasele, aliyeitwa Grand Kallé, pamoja na African Jazz. Siku hizi unarudi na sauti nyingine. Nakala iliyosafishwa imeingia kwenye simu na kadi za memori, na wapenzi wa muziki wa zamani wanapeana kama majirani wanavyogawiana chumvi.

Malalamiko nayo hurudi kila mwaka. Kuna wanaosema kuwapigia wimbo wa uhuru watu wanaolala chini ya turubai ni kuwacheka. Kuna wanaosema redio ina mambo ya maana zaidi ya kutangaza. Kuna wanaosema wimbo huo ni wa Kinshasa, hauwahusu watu wa Masisi na Walikale. Malalamiko haya matatu yanastahili jibu, maana kila moja lina ukweli kidogo ndani yake. Lakini anayeyafuata hadi mwisho atazima redio, na hapo atakuwa amekosea.

Kwanza ijulikane ni kitu gani kinapigwa. Januari 1960 viongozi wa Congo waliitwa Brussels kwenye Mkutano wa Meza ya Duara kujadiliana na Ubelgiji. Thomas Kanza aliona wajumbe hawafai kukaa huko ugenini bila muziki wa kwao, akafanya mpango orkestra ije. Kabasele alifika na watu wa African Jazz: Nico Kasanda kwenye gita, kaka yake Charles Mwamba aliyeitwa Déchaud kwenye gita la pili, Roger Izeidi na Petit Pierre. Lakini kwenye kundi hilo walikuwamo pia Vicky Longomba, mwimbaji, na Brazzos kwenye besi. Hao wawili walikuwa wa OK Jazz, orkestra iliyokuwa ikishindana na African Jazz kila siku katika baa za Léopoldville. Wapinzani walipanda jukwaa moja.

Januari 26 Lumumba alifika Brussels akiwa ametolewa gerezani. Siku iliyofuata, Januari 27, tarehe ya uhuru ikakubaliwa: Juni 30, 1960. Wimbo ulitungwa katika joto la siku hizo, na ndani yake yakawekwa majina ya vyama na ya viongozi. Kasavubu yumo, Lumumba yumo, Kalonji yumo, Tshombe yumo, Bolikango na Kamitatu wamo. Watu ambao hawakupendana waliimbwa pamoja kwa sababu walikuwa wamekubaliana kusema kwa sauti moja mbele ya Wabelgiji.

Kwa miaka mingi msikilizaji wa Kivu aliusikia wimbo huu kwa shida. Santuri ilikuwa imekwaruzika, ikanakiliwa kwenye kaseti, kaseti ikanakiliwa kwenye kaseti nyingine, mwisho ikaingia kwenye simu ikiwa imebanwa hadi sauti imekuwa nyembamba kama ya mbu. Kusafisha ni kurudi nyuma kwenye utepe wa mwanzo, au kwenye santuri nzuri kuliko zote zilizobaki, kuingiza sauti katika kompyuta, kuondoa mikwaruzo na mvumo, kisha kusawazisha ili kila chombo kipate nafasi yake. Mwaka 2013 kampuni ya Sterns ya London ilitoa mkusanyiko wa CD mbili wa kazi za Grand Kallé, na humo wimbo unasikika vizuri.

Ndiyo maana wapenzi wake wanashangilia. Besi ya Brazzos, ambayo kwenye kaseti ilikuwa ngurumo tu, sasa inatembea hatua kwa hatua. Gita la Nico linasikika nota moja moja, na chini yake gita la Déchaud linashika mwendo bila kuyumba. Wazee waliocheza wimbo huu ujanani wanasema ni kama mtu amewafutia kioo. Vijana waliozoea ngoma za kompyuta wanauliza hao wapiga gita ni nani. Zaidi ya yote, majina yanasikika. Zamani mtu aliitikia kiitikio tu, mengine akaguna. Sasa anaweza kuwahesabu walioitwa.

Sasa malalamiko ya kwanza, kwamba wimbo ni dhihaka. Wanaosema hivyo wanajua historia, na hilo lazima likubaliwe. Umoja ule ulidumu muda mfupi sana. Julai 11, 1960, siku 11 baada ya uhuru, Tshombe alitangaza Katanga imejitenga. Mwezi uliofuata Kalonji akaitenga Kasai ya Kusini. Januari 17, 1961 Lumumba aliuawa Katanga. Watu walioimbwa bega kwa bega walikuwa wamegeuka maadui kabla mwaka haujaisha. Na leo familia za Masisi zimehama mara mbili, mara tatu. Mapema mwaka 2025 kambi za pembezoni mwa Goma zilivunjwa, na watu wakabeba mabati na sufuria kurudi kwenye vijiji ambako nyumba nyingi hazikuwapo tena. Mwenye kubeba mzigo huo akiuliza uhuru uko wapi, hakuna haki ya kumnyamazisha.

Lakini kuuliza huko kunahitaji kitu cha kushika mkononi. Mtu anayedai deni huja na karatasi iliyoandikwa siku deni lilipokubaliwa. Wimbo huu ni karatasi hiyo. Unaonyesha ni akina nani waliokuwapo na walisema wamekubaliana nini. Mtoto aliyezaliwa kambini, ambaye shule yake imefungwa na hana kitabu cha historia, anaweza kuambiwa na yeyote kwamba watu wa nchi hii hawakuwahi kukaa meza moja, kwamba ugomvi ni asili yao. Akiusikia wimbo na kuelezwa, anajua kwamba huo ni uongo. Walikaa. Walikubaliana. Kisha wakavunja. Hayo ni mambo matatu tofauti, na anayeficha mawili ya kwanza anataka vita ionekane kama mvua, kitu kinachokuja chenyewe bila mwenye kosa.

Malalamiko ya pili yanahusu muda wa redio. Mama aliyeko njiani kati ya Kibua na Walikale anataka kujua kama barabara ni salama, kama kuna kipindupindu mbele, kama chakula kitagawiwa na lini. Mawe ya redio yana bei, na hakuna anayetaka kuyamaliza kwa dansi. Hoja hii ni ya kweli, na hakuna redio inayopaswa kuondoa tangazo la kuokoa maisha ili ipige wimbo. Ila wanaoitoa wasikilize redio zenyewe kuanzia asubuhi hadi jioni. Muda haupotei kwa Grand Kallé. Unapotea kwa salamu ndefu za wakubwa, kwa matangazo ya kulipiwa yanayorudiwa, na kwa nyimbo za kumsifu mwenye pesa ambazo zimejaa majina ya watu walionunua kutajwa. Wimbo wa dakika chache wenye majina ya historia unaitwa anasa, na saa nzima ya kutaja matajiri inaitwa kipindi! Radio Okapi yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 2002 ili kuwapa Wacongo habari wakati wa vita, haikuacha muziki. Habari na wimbo vinaweza kukaa kwenye redio moja.

Malalamiko ya tatu ndiyo magumu zaidi. Wimbo umeimbwa zaidi kwa Kilingala, lugha ambayo wazee wengi wa Masisi wameizoea kutoka midomoni mwa askari. Na sasa, kwa kuwa sauti imesafishwa, kuna jambo jingine ambalo msikilizaji makini atalisikia, au tuseme hatalisikia: Kivu. Abako imetajwa, Conakat imetajwa, MNC imetajwa, PSA imetajwa. Cerea, chama kilichozaliwa Bukavu mwaka 1958 na ambacho wajumbe wake walikuwapo Brussels pamoja na Anicet Kashamura, hakimo. Mashariki iliketi mezani lakini haikuingia kwenye wimbo.

Wapo watakaosema basi, ushahidi ndio huo, wimbo si wetu, uzimwe. Hiyo ni njia ya mtu aliyekosa kiti harusini akaenda kuichoma harusi. Uhuru ulioimbwa mle ni uhuru wa Masisi na wa Walikale kama ulivyo wa Kinshasa. Na kujua kwamba Kivu haikutajwa ni faida, si hasara. Aliyesikia pengo hilo ana swali jipya: sauti zetu za miaka ile ziko wapi, na nani anazihifadhi?

Hapa ndipo redio za nyumbani zinapaswa kuona haya. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Congo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa ombi la nchi zote mbili za Congo. Kila kituo kilitangaza, watu wakapongezana. Lakini fungua redio yoyote usikie wimbo huo wa urithi unavyotendewa. Unaanzishwa katikati. Mtangazaji anaongea juu ya gita. Kabla haujafika mwisho unakatwa ili tangazo liingie. Jina la Nico halitajwi, la Brazzos halitajwi, na anayepiga wimbo hajui kama ni wa mwaka 1960 au wa 1980. Kinachopigwa mara nyingi ni nakala mbovu ileile, ilhali iliyosafishwa inapatikana kwa anayetafuta. Watu wa mbali wamefanya kazi ya kurudisha sauti ya Congo, na sisi tunaichafua upya kwa uvivu wa dakika chache.

Na zile sauti ambazo hakuna mtu wa mbali atakayezisafisha? Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, huko Walikale, mzee Shekarisi Rureke aliimba, akasimulia na kucheza hadithi ya Mwindo kwa siku 12 mbele ya mtafiti Mbelgiji, Daniel Biebuyck. Mwaka 1969 hadithi ikatoka kitabu Marekani, kwa kazi ya Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, na leo inasomwa katika vyuo vikuu vya nchi nyingi. Kitabu kinabeba maneno ya Rureke. Hakiwezi kumpa msikilizaji koo lake, wala vicheko vya waliomzunguka, wala mlio wa ngoma. Ni watoto wangapi wa Walikale wanaojua kwamba shujaa huyo ametoka kwao?

Wapo wazee leo, wametawanyika katika familia zilizowapokea, shuleni na makanisani, wanaojua nyimbo za Kihunde, za Kinyanga, za Kinyarwanda na za Kitembo ambazo hazijawahi kurekodiwa. Wapo waliokuwa vijana siku ya Juni 30, 1960, na wanakumbuka nani alipiga ngoma siku hiyo na watu walicheza wapi. Kila msimu wa kukimbia unaondoka na baadhi yao. Wakishazikwa, hakuna mashine ya London wala ya Paris itakayosafisha kitu ambacho hakikurekodiwa.

Kwa hiyo redio za Masisi na Walikale zinadaiwa mambo machache, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. Juni 30 wimbo upigwe wote, kutoka nakala safi, bila mtu kuongea juu yake. Kabla yake wapigaji watajwe kwa majina, na baada yake maneno yaelezwe kwa Kiswahili na kwa lugha za wasikilizaji, pamoja na ukweli wa yaliyofuata: kujitenga, kuuawa kwa Lumumba, na Cerea kutotajwa. Kisha mzee mmoja apewe kipaza sauti. Simu ya kawaida inatosha kumrekodi: atajwe jina lake akikubali, mahali, tarehe na lugha. Nakala ziwekwe sehemu mbili zilizo mbali, kwa sababu kila mtu hapa anajua jinsi kituo cha redio kinavyoweza kuporwa usiku mmoja.

Familia zenyewe zisisubiri redio. Bibi akiwa bado anaimba wakati anasafisha sombe, mjukuu mwenye simu amrekodi leo, kabla chaji haijaisha.